Silinda ya Nne

Lori lilikuwa limelala uani siku tatu bila kuwashwa, na bado oili yake ilikuwa ya moto.

Fundi aligundua kwa vidole. Alivuta kijiti cha kupimia oili asubuhi, kabla hajanywa hata chai, na kilipotoka kilimuunguza akakiachia kikaanguka mchangani. Alibaki amekikodolea macho, vidole mdomoni. Boneti ilikuwa na umande. Matairi nayo yalikuwa na umande.

"Umeliwasha?" akamuuliza mdogo wake, aliyekuwa mlangoni akipiga mswaki.

"Niliwashe na nini? Ufunguo si unao wewe?"

"Oili inachemka."

Dereva akatema povu, akacheka. "Dada, pumzika. Wewe ukimwona mtu ana mafua unamtafutia sanda."

Lile lori la mchanga na kokoto lilikuwa la baba yao. Siku zake za mwisho kitandani aliwagawia kwa mdomo: usukani wa mdogo, injini ya mkubwa. Wakaishika kauli hiyo hivyo hivyo. Mdogo akaendesha. Mkubwa, ambaye alianza kushika spana kabla meno ya utoto hayajamtoka yote, akatengeneza. Waliishi ua mmoja. Dereva na mkewe vyumba vya mbele, Fundi chumba cha nyuma kilichopakana na banda la kazi. Hakuwa ameolewa, na waliomuuliza sababu walitumwa wakalete jeki.

Sasa injini ilikuwa hoi. Hilo hakuna aliyelibishia. Ikipanda mlima ilitoa moshi wa buluu hadi magari ya nyuma yakawasha taa, na safari ya mwisho dereva alilazimika kumwaga nusu ya kokoto njiani ndipo lori likapanda. Ubishi ulikuwa mmoja tu: waifungue na kuijenga upya, au waing'oe na kuweka nyingine.

"Tuing'oe," alisema Fundi walipokaa kunywa chai. "Silinda zimeshachongwa mara tatu. Tukichonga tena kuta zitabaki kama karatasi. Kranki imelika. Kutia pistoni mpya mle ni kumvalisha maiti viatu vipya."

"Maiti!" Dereva akakitua kikombe kwa kishindo. "Injini hiyo imetusomesha wote wawili. Miaka ishirini na mbili haijawahi kuzima njiani hata siku moja. Nitajie gari jingine lenye sifa hiyo. Mimi nikiwasha namsikia Baba, halafu wewe unataka kuitupa jalalani?"

"Sijasema jalalani."

"Umesema maiti."

Mkewe, aliyekuwa akishona vifungo kwenye shati, akaingilia kati kwa upole. "Wifi, si muifungue kwanza muione? Daktari hakati mguu kabla hajafunua kidonda."

Fundi akamtazama mdogo wake, akaona machozi yanamlengalenga, akalainika. "Haya. Tunaifungua. Lakini nikisema imekwisha, imekwisha."

Kwa kazi hiyo aliitwa Babu Grisi. Mzee huyu alikuwa msaidizi wa baba yao garini tangu lori likiwa jipya. Alikuwa mfupi, mwenye vidole vyeusi ambavyo sabuni ilishindwa navyo zamani, na utani usioisha. "Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza akiingia. "Na ameandika wosia?"

Walimwaga oili kwenye karai, ikatoa mvuke. Babu Grisi aliuona mvuke ule, akageuza uso. Wakafungua mabomba, wakatoa nozeli za kunyunyizia dizeli, wakalegeza nati moja baada ya nyingine, na kufikia saa tano silinda hedi, kifuniko kizito cha silinda zote nne, ilikuwa juu ya mbao, jua limesimama karibu na utosi. Ndipo harufu ikapanda. Haikuwa ya dizeli. Ilikuwa harufu ya nywele zilizolowa, na chini yake, harufu ya damu iliyoungulia kwenye sufuria.

"Panya huyo," alisema Fundi, ingawa alijua panya hana njia ya kuingia mle.

Babu Grisi alikuwa ameacha utani.

Fundi akapima silinda ya kwanza. Imelika. Ya pili imelika, ya tatu imelika zaidi, kama alivyotarajia. Ya nne ilikuwa ng'avu. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ukuta wake ulikuwa umelowa, wenye wekundu wa mbali, na alipoupitishia kidole ili apime kwa ngozi, kama baba yake alivyomfundisha, haukuwa mgumu. Ulibonyea. Ulikuwa kama ndani ya shavu la mtu. Na chini kule, juu ya pistoni, palikuwa na kucha: kucha za mbwa, kucha za paka, na nyingine pana, bapa, za watu.

"Mwanangu," Babu Grisi alinong'ona, "rudisha hedi. Hiyo ya nne iache. Baba yako aliniapisha isifunguliwe."

"Kwa nini?"

"Rudisha kwanza, nitakueleza baadaye."

"Babu, mle ndani mna kucha za watu!"

Mzee akaona bora azitoe yeye, zisionekane tena. Akajifunga kitambaa mkononi, akauingiza mkono wa kulia silindani. Ukazama mpaka kiwiko. Na silinda ikafumba. Fundi aliiona kwa macho yake mawili, mchana kweupe: chuma kilikaza kama koo linalomeza, Babu Grisi akatoa ukelele, mifupa ikalia kama njiti zinazokanyagwa, na walipomshika kiunoni yeye na dereva wakamvuta kwa nguvu zao zote, mkono ulitoka ukiwa na vidole vitatu. Chini, pistoni iliteremka yenyewe, taratibu, kama anayeshushia tonge kwa maji.

Wakamburura hadi ukutani. Mke wa dereva akaja mbio, akachana shati alilokuwa akilishona na kumfunga mzee mkono, damu ikipenya kitambaa haraka kuliko alivyoweza kukizungusha.

"Sema," Fundi alimwambia. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Sema sasa hivi, Babu."

Akasema, meno yakigongana. Kwamba miaka ishirini na mbili nyuma waliharibikiwa mahali pasipo na nyumba wala mti, saa sita ya mchana, injini imekwama kabisa, maji ya kunywa yameisha tangu jana yake. Kwamba alitokea mtu mrefu akitembea juani bila kivuli, akamwambia baba yao: gari litatembea na halitazima tena, mimi naomba pa kukaa tu. "Na baba yako alikuwa na kiu, mwanangu. Mimi pia nilikuwa na kiu. Mimi ndiye niliyesema, bosi, mkubalie. Akasema, kaa. Yule mtu akainama kama anachungulia injini, akawa hayupo. Gari likawaka." Akafumba macho. "Tukadhani tumemaliza. Halafu kila mwaka likawa linagonga. Mbwa. Mbuzi. Kisha yule mama wa njia panda. Kisha yule mwenye baiskeli. Breki nzima, usukani mzima, lakini gari linamfuata mtu hadi pembeni ya barabara."

Dereva alikuwa amesimama kama mti. Watu hao wawili aliwagonga yeye mwenyewe, tangu ashike usukani, na walikuwa wakimjia usingizini mpaka leo.

Fundi akainuka. "Nimeamua. Inatoka. Nitaikata vipande."

"Dada, ngoja."

"Hakuna kungoja!"

"Ngoja nimwone, nasema. Nimwone aliyenifanya niue watu."

Kabla hajakamatwa alikuwa ameshapanda bampa, akaushika mdomo wa silinda ya nne kwa mikono miwili na kuchungulia ndani. Na kitu kikapumua kutoka chini. Wote waliisikia ile pumzi, ndefu, yenye kikohozi cha dizeli, na waliona kichwa cha dereva kikirushwa nyuma kama kilichopigwa teke, mdomo wazi, na moshi wa buluu ukiingia kinywani mwake badala ya kutoka, ukaingia, ukaingia, hadi ukaisha.

Akashuka. Akajifuta mikono kwenye suruali, kwa adabu kabisa.

"Njaa inaniuma," akasema.

Akaliendea karai la oili chafu, akalinyanyua kwa mikono miwili, akanywa. Koromeo lilipanda na kushuka. Oili ikamtiririka kidevuni na shingoni, nyeusi, bado ina moto, ngozi ikatoka malengelenge naye hajali, na mkewe, ambaye alikuwa amempenda mtu huyo miaka tisa, hakufikiri mara mbili, alimrukia kumnyang'anya.

"Mume wangu, acha! Utakufa!"

Dereva akamshika mkono kwa upole. Akautazama kama anayekagua kifaa kisichofahamika. Kisha akaukunja upande ambao mkono haukunjiki, taratibu, mpaka ukalia ko, na akaendelea kuukunja hata ulipokuwa umeshavunjika, huku mwanamke akipiga mayowe na kumtaja kwa jina lake la faragha, lile alilomwita walipokuwa wawili peke yao.

Fundi alimpiga mgongoni kwa bomba la chuma. Akageuka. Macho yalikuwa yale yale ya mdogo wake, ila hayakupepesa.

"Nyumba yangu mmeibomoa," alisema, na sauti haikutoka kooni bali kifuani, ikigongagonga kama vali zilizolegea. "Nilikaa kwa amani. Nilimpa mwenyeji wangu kila alichoomba. Sasa nakaa humu. Humu pana joto. Padogo, lakini nitapatanua."

Akaikwapua silinda hedi, chuma ambacho asubuhi kilinyanyuliwa na watu watatu, akairusha. Fundi alijitupa chini. Hedi ilipita juu yake ikatua kwenye rundo la matairi. Dereva akamjia, akamkaba shingo, akamwinua. Miguu yake ikapiga hewa, masikio yakavuma, na mkono wake, ukipapasa nyuma bila kuona, ukagusa mnyororo wa winchi uliokuwa ukining'inia bandani kusubiri kunyanyua injini. Akaivuta ndoano iliyokuwa mwishoni mwa mnyororo, akaichomeka kwenye mkanda wa mdogo wake.

"Babu! Vuta!"

Babu Grisi akavuta, kwa mkono mzima na kwa ule wa vidole vitatu, mkono kwa mkono, akilia kama mtoto, hata dereva akainuliwa kiuno juu na kichwa chini, akamwachia dada yake, akabaki akining'inia na kurusha mateke. Ndipo wakamfunga kwenye nguzo ya chuma kwa kamba ya kuvutia magari, mizunguko kumi na miwili, na bado nguzo ilitikisika.

Mganga alikaa nyumba nne kutoka pale. Babu Grisi alikwenda kumwita huku akiacha matone ya damu njiani, akarudi naye: mama mnene wa makamo, miwani ya kusomea imening'inia kifuani, mkoba mkononi, anayetembea kama mtu aliyekatizwa shughuli zake. Hakuchoma kitu wala hakuimba. Alitega sikio kwenye kifua cha dereva, naye akajaribu kumng'ata shavu. Mganga akamzaba kofi, akaendelea kusikiliza.

"Njoo usikie," akamwambia Fundi.

Fundi akasikia. Mle ndani hamkuwa na moyo wa mtu. Ulikuwa mdundo wa injini, mzito, wa haraka, ukizidi kuongezeka.

"Moyo wa binadamu hauwezi mwendo huo," alisema mganga. "Jua likizama utapasuka. Na siwezi kumtoa akiwa hana pa kwenda. Nikimtoa kwa nguvu ataingia kwa aliye karibu. Kwangu, kwako, kwa huyo dada aliyevunjika mkono. Nyumba yake iko wapi?"

"Nimeibomoa."

"Basi ijenge. Akiisikia inapumua atarudi mwenyewe, hawa wana mazoea kama wazee. Akisharudi, muiue injini akiwa ndani. Si kuizima. Kuiua. Unaweza?"

Fundi akaitazama ile injini aliyoapa asubuhi kwamba haijengeki tena. "Kuijenga sijui," alisema. "Kuiua naweza."

Ilikuwa saa nane na nusu. Alifanya kazi hiyo kama ambavyo hakuwahi kufanya nyingine, bila kupima, bila kusafisha, damu ya Babu Grisi bado iko juu ya bloku, mwili wa injini, kifua cha wifi yake aliyeegemezwa ukutani kikipanda na kushuka kwa pumzi fupi fupi za maumivu, na nyuma yake ile sauti ya kifuani ikizungumza bila kunyamaza, mara ikimbembeleza, mara ikimtajia mambo ambayo baba yake tu aliyajua, mara ikilia kwa sauti halisi ya mdogo wake, dada nifungue, dada kamba inanikata, dada nitakufa, naye akikaza nati na machozi yakimdondokea mikononi, akijua kwamba akigeuka hata mara moja tu atakwenda kumfungua. Babu Grisi alimshikia, alimpokeza, alimkumbusha. Hedi ikarudi. Nozeli zikarudi. Oili hawakuweka. Hata tone.

Saa kumi na moja akapanda kwenye usukani, akawasha.

Injini ilikohoa, ikakataa. Ikakohoa tena. Kisha ikashika, kwa mlio mkavu wa chuma kinachokula chuma, na pale nguzoni dereva akanyamaza. Akageuza kichwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa nyumbani. Mdomo wake ukafunguka. Moshi wa buluu ukatoka, mzito kama kamba, ukavuka ua ukijinyonganyonga kama nyoka, ukaingia chini ya boneti. Lori zima likatikisika kama farasi aliyepandwa.

"Ameingia!" alipiga kelele mganga. "Sasa!"

Fundi akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikanguruma, ikapanda, na mara aliyekuwa ndani yake akatambua kwamba oili hakuna, kwamba nyumba aliyoitiwa ilikuwa inaungua. Pedali ikageuka jiwe chini ya mguu wa Fundi, ikamsukuma nyuma. Ngurumo ikaanza kushuka. Alikuwa anaizima mwenyewe, ajiokoe.

"Anarudisha mafuta!" Fundi alilia. "Babu, pampu!"

Babu Grisi alikuwa ameshafika ubavuni mwa injini. Alikishika kijiti cha pampu ya dizeli, kile kinachoipelekea injini mafuta, kwa mkono wake wa vidole vitatu, akakivuta hadi mwisho, akakishikilia hapo. Kijiti kikapigana naye. Kikamkata kiganja. Mzee akajiegemeza kwa kifua juu ya chuma cha moto, ngozi ikaungua, na Fundi alimwona kupitia kioo, uso umekunjamana, mdomo unatamka maneno ambayo kwa ngurumo ile hayakusikika.

"Babu, toka hapo! Inapasuka! Toka!"

Hakutoka. Mlio ukapanda kuliko mlio wowote ambao lori lile liliwahi kutoa, ukawa ukelele, ukawa sauti za wengi, mbwa na mbuzi na mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na chini yao sauti nyingine isiyofanana na ya kiumbe, ikiomba, ikitukana, kisha chuma kikapasuka. Mkono wa pistoni ya nne ulitoboa bloku ubavuni na kutoka nje kama risasi.

Injini ilikuwa imekufa.

Babu Grisi alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi, na kile chuma kimempita tumboni na kukwama kwenye ukuta wa ua. Aliishi dakika chache. Fundi alimshika kichwa.

"Mimi ndiye niliyesema mkubalie," mzee alinong'ona.

"Ulikuwa na kiu, Babu."

"Ndiyo," alisema, kama amefarijika kwamba mtu ameelewa. Akafa.

Pale nguzoni dereva alikuwa akitapika oili na kuuliza nini kimetokea, mbona amefungwa, mbona mke wake analia hivyo.

Wakamzika Babu Grisi kesho yake. Injini Fundi aliing'oa peke yake, akaikata kwa moto wa gesi vipande visivyozidi kiganja, na mganga akasimamia kila kipande mpaka mwisho, miwani puani, akitega sikio. "Hamna mtu," alisema hatimaye, akachukua mkoba wake akaenda.

Mke wa dereva, mkono ukiwa kwenye plasta, alikwenda kwa wazazi wake. Kabla hajapanda gari alimwambia Fundi, "Wifi, najua hakuwa yeye. Lakini mkono ulionivunja ulikuwa wake. Nikifumba macho nauona."

Fundi akambebea begi.

Injini nyingine ilikuja baada ya miezi miwili, imetolewa kwenye lori lililouzwa kwa vipande, na Fundi aliikagua silinda moja moja kwa tochi na kwa kidole kabla hajakubali kuipokea. Zilikuwa ngumu, baridi, zenye michubuko ya kawaida ya chuma kilichofanya kazi. Aliifunga kwa wiki mbili. Mdogo wake alimpokeza spana, akifanya kazi za Babu Grisi bila kuambiwa, shingo yake ikiwa na makovu ya kuungua, na siku walipoiwasha alitoka nje ya ua asisikie.

Jumamosi yake, lori likiwa na mchanga nyuma, walikwenda ukweni kumfuata mke wa dereva. Dereva ndiye aliyeendesha, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai, akisimama kila alipoona mtembea kwa miguu hata aliye mbali. Akasimamisha nje ya nyumba ya wakwe zake, akazima, asithubutu kushuka.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe akatoka na begi, mkono umeshapona ila umepinda kidogo. Akaja upande wa usukani, akamtazama mumewe kupitia dirishani, naye akashindwa kuinua uso.

"Shuka," akamwambia.

Akashuka.

"Ataendesha wifi. Mimi nitakaa mbele naye. Wewe utapanda nyuma, kwenye mchanga."

"Sawa," alisema dereva.

"Siku nitakayokuita mbele nitakuita mwenyewe. Usiniulize lini."

"Sitakuuliza."

Akapokea begi la mkewe, akazunguka nyuma, akapanda juu ya mchanga, akaketi. Fundi akahamia kwenye usukani, akamsubiri wifi yake afunge mlango, akawasha gari.